Meno ya chini: ya kuvaa tu, ya kubana kwenye vipandikizi, au ya kufungwa kwa skrubu?

Bibi mmoja wa Temeke alifika maabara yetu asubuhi, hata chai hatujanywa, akafungua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na meno yake ya chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie haya, yamenishinda tabia."

Yalikuwa yamekatika katikati, pale kwenye meno mawili ya mbele, na yalishaungwa kwa supaglu si chini ya mara tatu. Gundi ilikuwa imeota tuta, na tuta hilo ndilo lililokuwa likimchimba ufizi kila alipomeza mate. Nyuma upande wa kushoto alikuwa ameyakwangua mwenyewe kwa wembe yasimuume. Kliniki alishaenda, akaelezwa habari za meno ya kuskrubu kwenye mfupa, akatajiwa bei, akaaga kwa adabu. Swali alilokuja nalo lilikuwa moja: kati ya haya yanayoelea na yale ya kuskrubu, hakuna ya katikati?

Yapo. Ni meno ya kuvaa na kuvua kama ya kawaida, ila upande wa chini yanabana kwenye vipandikizi viwili au zaidi, yaani mizizi ya bandia ya chuma cha titani, vilivyowekwa ndani ya taya.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, si daktari. Daktari anaona kinywa. Mimi naona kinachotoka kinywani, kikiwa kimepasuka, kimelika au kimeota ukungu. Kwa hiyo ulinganisho huu ni wa mtu anayeletewa kazi zikishaharibika. Nazungumzia kibogoyo hasa, yaani asiyebakiwa na jino hata moja kwenye taya. Ukiwa na mapengo mawili matatu na meno ya jirani mazima, hilo ni shauri jingine, na mara nyingi ni jepesi zaidi.

Kwa nini chini ndiko kunakosumbua

Meno ya juu yana bahati. Bamba lake linafunika kaakaa lote, mate yanaweka utando mwembamba kati ya bamba na nyama, na kingo zikikaa vizuri hewa haipiti. Yananata kama gilasi iliyolowa maji kwenye meza ya kioo. Chini hakuna kaakaa. Kuna ukingo mwembamba uliopinda kama herufi U, ulimi umejaa katikati, mashavu na mdomo vinasukuma kutoka nje. Ukipiga miayo tu yamenyanyuka.

Halafu kuna mfupa. Ule ukingo ulikuwepo kwa ajili ya kushika meno. Meno yakitoka, mwili hauna haja ya kuendelea kuutunza. Unapungua kwa kasi mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, kisha polepole bila kukoma. Utafiti uliofuatilia wavaaji wa meno ya bandia kwa miaka mingi, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba ukingo wa taya la chini hupungua karibu mara nne ya ule wa juu. Ndiyo maana meno yaliyokaa sawasawa siku ya kukabidhiwa yanakuja kucheza miaka michache baadaye, na mteja anadhani fundi alimpunja. Meno ni yale yale. Taya ndilo lililohama.

Tunalinganisha nini na nini

Namna ya kwanza ni seti ya kawaida ya akriliki, ile plastiki ngumu. Daktari anachukua vipimo vya fizi, mimi namwaga plasta, napanga meno kwenye nta, mteja anajaribu, tunarekebisha, tunapika. Ni wiki chache na safari nne tano za kliniki. Hakuna kisu.

Ya pili ndiyo ya kubana. Daktari anachoma ganzi na kupanda vipandikizi viwili vya titani mbele ya taya, takriban pale yalipokaa meno ya chonge. Mahali hapo pana sababu: mfupa wake ni mgumu, na pako mbele ya yale matundu mawili ambako mishipa ya fahamu ya mdomo wa chini hutokea. Titani ina tabia ya kushikamana na mfupa hai. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliliona hilo mwaka 1952 akichunguza mifupa ya sungura, pale vifaa vyake vya titani vilipogoma kutoka. Mtu wa kwanza akawekewa vipandikizi vyake mwaka 1965. Mfupa ukishashika, kwa taya la chini ni kama miezi mitatu, kila kipandikizi hufungwa kichwa kifupi kinachochungulia juu ya ufizi. Kwenye meno mimi natega kikombe kidogo cha chuma chenye kofia ya nailoni ndani. Unasukuma kwa vidole, unasikia "ta", kama vifungo vya kubana vya nguo ya mtoto mchanga. Wapo wanaotumia fimbo ya chuma inayounganisha vipandikizi, wapo wanaotumia sumaku; wazo ni lile lile.

Ya tatu ni meno yanayofungwa kwa skrubu, kwa kawaida juu ya vipandikizi vinne hadi sita. Hayatoki mpaka daktari ayatoe. Ndiyo yanayotangazwa kwa maneno ya "meno mapya kwa siku moja". Tangazo si uongo mtupu: siku hiyo kweli unaweza kutoka na meno. Ila kwa kawaida hayo ni ya muda, na ya kudumu hufuata miezi kadhaa baadaye.

Kutafuna na kusema

Mwenye seti ya kawaida juu na chini hung'ata kwa nguvu inayofika robo hivi ya mwenye meno yake, na wengi hawafiki hapo. Ugali na samaki wa nazi vinapita. Wali unapita, isipokuwa ile chembe moja inayoteleza chini ya bamba. Kashata za ufuta ni adui. Punje ya ufuta ikiingia chini ya meno ya bandia unaisikia mpaka kisogoni. Mishikaki wengi huishia kuinyonya mchuzi tu.

Ya kubana hayakugeuzi kijana, lakini yanaondoa kero kubwa kuliko zote, ya kunyanyuka. Ung'ate mhogo wa kukaanga kwa upande wa kulia, upande wa kushoto unabaki palepale. Jambo ambalo madaktari wengine hawalisemi kwa uwazi ni kwamba vipandikizi viwili vya mbele vinashika, havibebi. Nyuma bado unakalia ufizi, na ufizi huo bado unaweza kupungua. Ukitaka vibebe pia, unahitaji zaidi ya viwili.

Ya skrubu yanashinda hapa, sina ubishi. Mzigo wote unakwenda kwenye mfupa, na mtu anasahau kama si yake. Muwa wa kumenya kwa meno sikushauri hata hivyo.

Kusema nako kuna mambo yake. Nina mteja mwalimu wa madrasa, mtu wa Magomeni. Chakula hakikuwa kinamsumbua kama kusoma. Kwenye herufi za sini na swadi ncha ya ulimi inakuja karibu na meno ya mbele ya chini, na kwake kila akifika hapo meno yanaruka, wanafunzi wanachekea ndani ya misahafu. Seti mpya ya kawaida nilimtengenezea mara mbili. Zote zilikaa vizuri kwenye plasta na zote zikaruka kwenye sini. Alipopandwa vipandikizi viwili, tulitumia seti ileile ya pili. Sikubadilisha jino hata moja. Alinisomea palepale kliniki akiwa amefumba macho, nami nikasimama na kopo langu la akriliki mkononi mpaka alipomaliza.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitoa tamko kwamba kwa kibogoyo wa taya la chini, seti ya kawaida haifai tena kuwa chaguo la kwanza. La kwanza liwe la kubana juu ya vipandikizi viwili. Kwa ninachokiona mezani kwangu nakubaliana nao, kwa taya la chini. Juu nitakuja.

Usafi, na sura

Hapa ya kuvaa na kuvua, yabane yasibane, yanayaacha mbali ya skrubu. Unayatoa, unaweka maji kwenye beseni au unatandika taulo ili yakikuponyoka yasipasuke, unasugua kwa sabuni na brashi laini, basi. Vile vichwa viwili kinywani unavipiga mswaki kama meno. Ya skrubu lazima usafishe chini yake kwa brashi nyembamba, uzi maalumu au kifaa cha kurusha maji, kila siku, na kwa mzee mwenye macho hafifu hiyo ni kazi hasa. Usiposafisha, ufizi wa kuzunguka kipandikizi huvimba, kisha mfupa huanza kuliwa, na kipandikizi kigumu kama msumari kinaweza kuja kulegea.

Usitumie maji ya moto, akriliki inapinda. Dawa ya mswaki yenye chembe inaikwaruza. Na usiku yavue. Najua wengine wanaona haya mbele ya mwenzi wao, lakini ukungu mwekundu wa kaakaa unaoletwa na kulala nayo si utani.

Kuhusu sura, kibogoyo wa siku nyingi mdomo umeingia ndani. Meno ya kuvaa yana ukuta wa waridi unaoujaza mdomo kutoka ndani, na uso unarudi. Ya skrubu mara nyingi hayana ukuta huo, kwa sababu ukiuweka hutaweza kusafisha. Kuna watu walilipa pesa nyingi wakapata meno mazuri na mdomo ulioingia vilevile. Mwambie daktari akuonyeshe kwa meno ya majaribio ya nta kabla hujakubali, ujione kwenye kioo ukicheka na ukinyamaza.

Yakiharibika

Seti ya kawaida ikipasuka ni kazi ya siku moja kwa fundi yeyote mwenye akili timamu, almuradi hujatia supaglu. Supaglu inaunga vipande vikiwa vimepishana kidogo, na kila nikiikwangua naondoka na ukingo niliokuwa nauhitaji ili kuvilinganisha. Funga vipande kwenye kitambaa, uje navyo vyote, hata kile kidogo kama punje ya mchele. Taya likihama, tunaongeza akriliki upande wa ndani ikae upya.

Ya kubana yana kitu kinacholika kwa makusudi: kofia za nailoni. Fikiria kubadilisha kila mwaka au kabla ya hapo. Ni kazi ya dakika chache kitini. Kwenye aina ya Locator, ambayo ni maarufu, rangi zinasema nguvu: bluu inabana kidogo, waridi wastani, isiyo na rangi inabana sana. Mzee mwenye mikono inayotetemeka aanze na bluu, la sivyo atashindwa kuyavua na ataacha kuyasafisha. Na ukiona kofia nyeusi ndani ya meno yako mapya, rudi ulikotoka. Nyeusi ni ya kazi ya maabara, inawekwa wakati wa kutengeneza kisha inatolewa. Nimewahi kupokea mama aliyevaa nazo miezi akilalamika kwamba "vipandikizi havishiki".

Kofia zikiisha kila baada ya wiki chache, mara nyingi nailoni haina kosa. Vipandikizi vimepandwa vikiangalia pande tofauti, na kila ukivaa unazikwaruza. Hilo fundi hawezi kulitibu, linaamuliwa siku ya kupanda. Kuna na kosa letu mafundi: pale juu ya kikombe cha chuma akriliki huwa nyembamba, na meno hupasuka hapohapo kama mstari umechorwa. Mimi siku hizi nafichia wavu wa chuma ndani yake. Muulize daktari wako kama fundi wake hufanya hivyo. Swali hilo peke yake litamfanya akuheshimu.

Ila kero kubwa niliyokutana nayo ilikuwa ya karatasi. Mzee wa Mbagala alikwenda India kwa matibabu mengine, akaunganisha na vipandikizi, akarudi anatabasamu. Miaka miwili baadaye kofia zikaisha. Vipandikizi vilikuwa imara kabisa, lakini hakupewa kadi yoyote inayosema ni vya kampuni gani, ukubwa gani, vichwa vya urefu gani. Vifaa vya kampuni moja kwa kawaida haviingii kwenye kipandikizi cha nyingine. Tulikaa na picha yake ya eksirei tukihesabu mikato ya skrubu kama wanaosoma alama za nyayo, mpaka mwanawe alipopata jibu la WhatsApp kutoka huko, wiki kadhaa baadaye. Muda wote huo mzee alikula uji, akiwa na vipandikizi viwili vizima kinywani.

Kwa hiyo, upandiwe Upanga, Masaki au ng'ambo, usitoke bila kadi yenye jina la kampuni, aina, kipenyo, urefu na tarehe. Ipige picha, mtumie na mtoto wako. Kliniki hufungwa, madaktari huhama. Kinywa unabaki nacho wewe.

Ya skrubu yakipata hitilafu ni gari la kifahari na vipuri vyake. Skrubu ikilegea au jino likibanduka, lazima daktari afungue kazi yote, iletwe maabara, irudishwe. Siku hizo unabaki na vichwa vinne vya chuma na aibu.

Pesa na muda

Sitataja bei, zinabadilika na kila kliniki ina yake. Ila uwiano huu ushike: kipandikizi kimoja peke yake kwa kawaida kinagharimu zaidi ya seti nzima ya kawaida. Ya kubana ni viwili pamoja na vichwa vyake pamoja na meno. Ya skrubu ni vinne au zaidi pamoja na daraja zima, yaani safu yote ya meno inayofungwa juu yake, na hapo ndipo watu wanapouza kiwanja. Unapoulizia, usiulize "kipandikizi bei gani?". Omba hesabu moja iliyoandikwa: eksirei, kupanda, vichwa, meno yenyewe, kofia za mwaka wa kwanza, na itakuwaje kipandikizi kisiposhika. Kisiposhika kwa viwili ni pigo. Kwa vinne vyenye daraja juu yake ni pigo na hesabu upya. Wenye bima wapate jibu la bima kwa maandishi kabla ya kukaa kitini.

Na uhakikishe anayekupanda ni daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize namba yake bila kuona haya. Wapo watu wanaokanda akriliki baridi na kuimwaga moja kwa moja kwenye fizi za mtu. Kazi zao huishia kwangu, zikinuka.

Nani asikimbilie vipandikizi

Kisukari kisichodhibitiwa, sigara na kuberi, mionzi iliyowahi kupigwa kwenye taya, na baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa. Kila kimoja kati ya hivi lazima kisemwe kwa daktari kabla, hata kama hakuulizi. Umri wenyewe si kikwazo. Ninawajua wazee wa miaka themanini waliopona vizuri kuliko vijana wanaovuta. Ila mtu aliyepata kiharusi na mkono mmoja haufanyi kazi, nitamwambia abaki na seti ya kawaida iliyotengenezwa vizuri. Kuvua kitu kinachobana kunataka mikono miwili.

Juu je? Kama meno ya juu ya kawaida yanashika, yaache. Mfupa wa juu ni laini zaidi, unahitaji vipandikizi vinne au zaidi, na faida yake kubwa ni kuondoa bamba la kaakaani. Wanaotapika bamba likigusa nyuma, hao ndio wa kufikiria. Wengine wote, pesa hiyo ipeleke chini, ambako kilio ni kikubwa.

Bibi wa Temeke nilimweleza hivyo, kwa ufupi kuliko hapa. Akauliza viwili tu vinatosha kweli, nikamwambia kwa chini vinatosha, aende daktari amwangalie mfupa kwanza. Akaangalia yale meno yake yaliyopasuka mkononi mwangu.

"Haya basi ya kutupa."

"Hapana bibi. Nikiyaunga upya bila hiyo gundi yako, daktari anaweza kuyatoboa chini na kuyatega vikombe humohumo. Huenda usinunue mengine."

Aliyachukua, akayafunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili safari hii, akauliza kituo cha daladala cha kurudia Temeke kiko upande gani.